Waya wa Siku Moja

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa paneli ya bafu la mafuta. Godfrey, msimamizi wetu wa uzalishaji, alinivisha mwenyewe shingoni mbele ya vibarua wote akasema, "Kuanzia leo mwenye bafu ni Ines." Watu wakapiga makofi. Ni Godfrey aliyenitoa kwenye kubadilisha balbu na kufunga feni za ofisini. Alimwambia meneja kwamba cheti changu cha ufundi wa vipimo hakikutolewa ili kibandikwe ukutani. Sitalisahau hilo.

Daftari nimelinunua kwa sababu mafundi walionitangulia waliondoka na kila kitu kichwani. Nataka atakayekuja baada yangu apate pa kuanzia.

Kwa hiyo nianze. Bafu ni karai la chuma lenye urefu wa hatua sita, limejaa mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho zenyewe. Yakikugusa hata yakiwa baridi yanababua ngozi. Chini kuna kichomeo cha dizeli. Korosho ghafi huteremshwa ndani kwa kikapu cha waya, hukaa dakika moja na nusu, kisha hutolewa, na ganda huwa tayari kubanguliwa. Kila kitu kinategemea joto. Tunataka digrii 190. Likipungua, ganda linagoma. Likizidi sana, korosho ya ndani inaungua na mafuta yanaanza kufuka.

Joto linaangaliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni sensa. Ni nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto inatoa umeme mdogo sana, na paneli inausoma na kuonyesha namba. Ikifika 190 paneli inazima kichomeo, ikishuka 185 inawasha. Sensa inakaa ndani ya mfuko wa chuma uliozama kwenye mafuta, kwenye kona ya kushoto.

Cha pili ni swichi ya joto. Hii haionyeshi namba yoyote. Ni kichupa cha shaba kilichojaa kimiminika, kimezamishwa upande wa kulia. Kimiminika kikipata moto kinatanuka, kinasukuma kupitia mrija mwembamba kama unywele, na kikifika digrii 205 kinaachanisha umeme wa kichomeo. Haitegemei sensa wala paneli. Ikishakata haijirudishi yenyewe, lazima mtu aende akabonyeze kwa mkono. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu afike, aone, ajiulize.

Alhamisi, 17 Oktoba

Anayesimamia bafu ni mzee Lukasi wa Ziwani, ana miaka hamsini na saba. Hatazami namba kabisa. Anatazama moshi na kunusa. Leo amenitangazia, "Binti, mafuta haya mazito. Yamechoka." Paneli ilikuwa 188, nzuri kabisa. Nimemwambia mafuta hayachoki, watu ndio huchoka. Fatima, anayepakia vikapu, akacheka. Mzee hakucheka.

Jumanne, 22 Oktoba

189 kutwa nzima. Joto la nje kali kuliko la ndani.

Jumanne, 29 Oktoba

Malori kumi na moja getini. Ghala limejaa, magunia yamepangwa uani chini ya maturubai. Meneja, Bi Rozalia, ametangaza kwamba meli ya mzigo wetu inatia nanga bandarini tarehe thelathini mwezi ujao na haitamngoja mtu.

Jumatatu, 4 Novemba

Saa tano asubuhi kichomeo kilizimika chenyewe. Swichi ya joto ilikuwa imekata. Nikatazama paneli: 188. Nikangoja kidogo, nikabonyeza, kikawaka. Saa nane ikakata tena. Paneli: 189.

Jumanne, 5 Novemba

Imekata mara nne. Kila mara paneli haizidi 190. Kila mara vibarua sitini wa kubangua wanakaa chini na kuanza kunitazama. Wanalipwa kwa kilo, kwa hiyo nikichelewa mimi wanakosa wao.

Godfrey hakufoka. Alisimama kando yangu na kikombe chake cha chai akauliza taratibu, "Dada, kati ya hivi vitu viwili, kipi kinasema uongo?"

Nikasema nitampa jibu kesho.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeitoa sensa kwenye mfuko wake na kuipima. Niliitumbukiza kwenye ndoo ya barafu na maji: paneli ikasoma sifuri. Nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, na huku pwani maji yanachemka kwenye mia kamili: ikasoma mia. Nikarudia, yakawa yale yale.

Sensa ni nzima. Basi mbovu ni swichi. Nimemwandikia Godfrey karatasi, nikatia saini.

Mzee Lukasi alikuwa amesimama mlangoni akitazama ndoo zangu. Akasema, "Umeiuliza ikiwa nje. Ndani nani ameiuliza?" Niliendelea kukusanya ndoo zangu. Nilikuwa nimechoka, na sikupenda kufundishwa kazi na mtu asiyeweza kusoma namba za paneli.

Alhamisi, 7 Novemba

Niandike hili kama lilivyokuwa.

Swichi mpya itatoka Dar es Salaam, siku kumi au zaidi. Godfrey aliniita kando ya paneli saa nne asubuhi. Fatima alikuwa hatua chache kutoka kwetu, anafunga kikapu.

"Ipige dairekti," akasema.

Maana yake ni kuunganisha nyaya mbili za swichi kwa kipande cha waya, ili umeme upite kana kwamba swichi haipo. Nikamwambia chuoni tulikatazwa. Swichi ile ndiyo ulinzi wa mwisho, na ulinzi wa mwisho hauondolewi kazi ikiwa inaendelea.

"Wewe mwenyewe umeandika kwamba ni mbovu. Ulinzi mbovu unalinda nini?"

Karatasi ilikuwa na saini yangu.

"Siku moja tu, Ines. Tumalize magunia yaliyo uani kabla mvua haijayakuta. Kesho unautoa."

Nilizima umeme, nikafungua paneli kwa ufunguo wangu, nikafunga waya mwekundu wenye urefu wa kidole. Ilinichukua dakika mbili. Kichomeo kikawaka, na mpaka jioni hakikuzimika hata mara moja nje ya utaratibu. Vibarua walikuwa wakiimba.

Ijumaa, 8 Novemba

Waya bado upo. Nilimkumbusha Godfrey. "Jumatatu," akasema.

Jumatatu, 11 Novemba

Waya upo. 187.

Jumatano, 13 Novemba

Upo. 188. Godfrey ameninunulia soda, amesema hakuna mwaka bafu limekwenda vizuri hivi.

Ijumaa, 15 Novemba

Upo. Korosho za gunia la leo zimetoka na madoa ya kahawia. Wachambuzi wamelalamika. Nimesema ni mbegu.

Jumatatu, 18 Novemba

Upo. 187. Kila nikifika asubuhi natazama paneli kabla sijamsalimu mtu. Namba ni nzuri, na bado narudi kuitazama.

Jumatano, 20 Novemba

Mama amepiga simu kutoka Kitaya. Mawingu yamefunga upande wa ng'ambo ya Ruvuma, kule alikozaliwa marehemu baba. "Wiki hii haiishi," amesema. Amepanda mahindi kwenye vumbi kabisa, anasubiri. Akauliza kama nakula vizuri. Nikasema ndiyo. Akauliza mbona sauti yangu iko chini. Nikasema ni mtandao.

Waya upo.

Alhamisi, 21 Novemba

Tumegombana na mzee Lukasi.

Alikuja mpaka kwenye meza yangu, jambo asilolifanya. Alisimama wima, kofia mkononi. "Binti, mimi nimesimama kwenye mafuta haya miaka kumi na tisa. Moshi ukiwa mweupe ni maji ya korosho, hauna neno. Ukiwa wa buluu ni mafuta yenyewe yanataka kuwaka. Tangu juzi ni wa buluu."

"Paneli inasoma 187, mzee."

"Paneli haina pua."

"Na pua haina digrii."

Aligeuza kofia yake mikononi. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Ile swichi ilikuwa inakata kila siku. Siku hizi haikati. Uliitengeneza?"

Nikasema ndiyo. Neno moja. Limetoka kirahisi kuliko nilivyodhani.

Akavaa kofia yake akarudi bafuni.

Jumamosi, 23 Novemba

Sikufanya kitu cha maana leo isipokuwa kwenda Naliendele kwa Gladness, tuliyesoma naye, ambaye sasa yuko maabara. Nimeazima kwake kipimajoto cha kioo kinachofika digrii 300. Aliuliza cha nini. Nikasema nataka kujiridhisha. Jumatatu asubuhi nitakichovya kwenye bafu, kikisoma 187 nitalala.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu alfajiri mpaka adhuhuri bila kupumzika. Ni mvua nzito yenye mawe, imeangusha makuti ya nyumba ya jirani. Nimefikiria magunia ya uani na maturubai yetu yaliyochanika.

Jumatano, 27 Novemba

Siku mbili sikuweza kushika kalamu. Naandika ya Jumatatu.

Nilifika saa moja na nusu. Mvua ilikuwa imerudi, nyembamba. Magunia ya pembeni mwa uani yalikuwa yamelowa, na Godfrey alikuwa ameshaagiza yaanze hayo ili yasioze. Kikapu cha kwanza kilikuwa hakijateremshwa. Mzee Lukasi alikuwa akikoroga, Fatima akijaza kikapu.

Nikafunga kipimajoto kwenye fimbo na kukichovya katikati ya bafu. Zebaki ilipanda, ikapita 187 bila kusimama, ikapita 200. Ikatulia kwenye 214.

Nikatazama paneli. 187.

Nikakitoa, nikakifuta, nikachovya tena karibu na kona ya kushoto, penye sensa. Fimbo iligota kwenye kitu kizito. Nikasukuma, ikazama kama kwenye matope. Kona yote ilikuwa imejaa mashapo ya mafuta yaliyoganda, lami tupu, na mfuko wa sensa umezikwa humo. Sensa ilikuwa nzima kweli, kama nilivyopima kwenye ndoo zangu. Ila ilikuwa inapima joto la lami iliyotulia, sio la mafuta. Msimu wote mashapo yalikuwa yakiongezeka, na kadiri yalivyoongezeka ndivyo paneli ilivyozidi kukiambia kichomeo kiendelee. Tangu ilipokata mara ya kwanza swichi ilikuwa inasema kweli, na mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Sasa sehemu hii.

Kitufe chekundu cha kuzimia kila kitu kiko ukutani kando ya paneli. Nilipokuwa nimesimama, ningenyoosha mkono ningekigusa. Nilijua mafuta ni 214. Nilijua hakuna kitakachokata.

Sikukibonyeza. Nilimwambia mzee Lukasi, "Ngojeni kwanza," nikatoka kwenda kumwomba Godfrey ruhusa.

Kutoka bafuni mpaka ofisini kwake ni kuvuka uwanja. Nilimkuta anaongea kwenye simu na watu wa malori. Akanipungia mkono kwamba nisubiri, nami nikasubiri. Nilisimama pale na kipimajoto mkononi, maji yakinidondoka kwenye sakafu yake, nikisubiri mtu amalize simu.

Alipokata nikasema, "Mafuta ni 214. Tuzime, tutoe waya."

"Kikapu cha kwanza kimeshaingia?"

"Nimewaambia wangoje."

"Nimemwagiza Fatima kwa simu kabla hujaingia hapa, waanze. Maliza huo mzunguko, halafu tuta..."

Tukasikia sauti. Sio mlipuko. Ilikuwa kama mchele unaomwagwa juu ya bati, lakini hauishi.

Korosho zilizolowa zilikuwa zimeteremshwa kwenye mafuta ya moto kupita kiasi. Maji yote yaliyokuwa kwenye maganda yaligeuka mvuke kwa mara moja na kuinua mafuta kama maziwa yanavyofura. Nilipofika mlangoni povu jeusi lilikuwa linapita ukingo na kumwagikia kwenye bomba la moshi la kichomeo. Likashika moto. Mzee Lukasi alimsukuma Fatima kwa bega mpaka akaangukia kwenye magunia, kisha badala ya kukimbia akageuka, akapita kando ya povu, akabonyeza kitufe chekundu. Kile ambacho mimi sikukibonyeza. Mafuta yalimpata mkono wa kulia wote na ubavuni.

Mtu mmoja alikuja mbio na mpira wa maji. Fatima alikuwa ameshainuka. Alisimama mbele yake, mikono imetanda, akasema, "Maji hapana. Maji yataruka nayo. Mchanga." Hakupaza sauti hata. Wakaleta mchanga, ndoo kwa ndoo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Moto ulizimika kwa muda ambao siwezi kuukadiria.

Mzee alikuwa amekaa chini akishikilia mkono wake hewani. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Binti yule mzima?"

Nikasema Fatima ni mzima.

Alhamisi, 28 Novemba

Yuko hospitali. Wanasema mkono utapona lakini vidole havitakunjika vizuri.

Leo Godfrey alinipeleka kando ya ghala. Macho yake mekundu, nadhani na yeye halali. Kutoka mfukoni akatoa kipande cha waya mwekundu. Aliutoa Jumatatu ile ile, wakati sisi tukiwa hospitali, kwa ufunguo wa akiba.

"Huu umeonwa na mimi na wewe," akasema. "Mkaguzi wa usalama anakuja Jumatatu. Swichi ilikuwa mbovu, haikukata, basi. Chuma kimeharibika, si mtu."

"Na wakiuliza kwa nini mafuta yalipanda?"

"Mzee alizidisha moto. Amebakisha miaka mitatu astaafu, Ines. Hawatamfanya kitu. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Na ukianza kuchunguzwa wewe, watachunguza mengi, mpaka baba yako alizaliwa nchi gani."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekufunika kanga usinyeshewe. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Jumapili, 1 Desemba

Meli imeondoka na nusu ya mzigo wetu. Sijala tangu asubuhi. Nimejaribu kuyapanga maneno ya kesho, kila nikianza naona namba 214.

Jumatatu, 2 Desemba

Mkaguzi ni mwanamke, anaitwa Bi Upendo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Hakuanza na maswali. Aliomba swichi ifunguliwe kwenye bafu na kuletwa mezani kwenye ukumbi wa kulia chakula, aliomba jiko la umeme, na sufuria ya mafuta safi ya kupikia. Akakifunga kichupa cha shaba pamoja na kipimajoto, vikiwa bega kwa bega, akavizamisha. Kwenye nyaya za swichi akaunganisha taa ndogo.

Sote tulikuwa tumezunguka meza: Bi Rozalia, Godfrey, mimi, na wengine watano. Alisoma namba kwa sauti. Mia na tisini. Mia mbili. Mia mbili na tatu. Taa inawaka. Mia mbili na nne. Mia mbili na tano.

Tak. Taa ikazimika.

Akaacha mafuta yapoe, akabonyeza, akarudia. 204. Akarudia tena. 205. Ilichukua muda mrefu sana na hakuna aliyeondoka.

Akavua miwani. "Swichi hii ni nzima kuliko wengi wetu hapa. Mafuta yalipita 205 siku ile, tena kwa mbali. Kwa nini haikukata?"

Bi Rozalia akamtazama Godfrey.

Godfrey akakohoa. "Mzee Lukasi alikuwa na tabia ya kugusagusa paneli."

"Paneli ina kufuli. Ufunguo anao nani?"

Ulikuwa shingoni mwangu, juu ya blauzi, mbele ya watu wote.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, hayakuja. Nikasema, "Niliifunga kwa waya mimi. Tarehe saba Novemba, saa nne asubuhi. Ilikuwa iwe siku moja, zikawa siku kumi na nane. Mzee Lukasi hakujua. Aliniuliza, nikamdanganya."

"Kwa uamuzi wako?"

"Niliagizwa na Godfrey. Lakini mkono ulikuwa wangu. Na siku ya moto nilijua mafuta yako 214, kitufe kilikuwa karibu nami, nikaenda kuomba ruhusa."

Bi Upendo alimgeukia Godfrey. Godfrey alikuwa anaitazama ile sufuria.

"Sijui habari za waya wowote," akasema.

Nilimtazama. Huyu ndiye aliyenivisha ufunguo. Nilingoja aniangalie hata kidogo, hakuniangalia. Bi Upendo akaandika maneno yangu, kisha akaandika ya Godfrey, chini ya yangu.

Kabla hajaondoka alinivuta kando. Nilidhani atanituliza. Akasema, "Kitufe kile kimewekwa hapo ili mtu yeyote akibonyeze bila kumwomba yeyote. Hata anayefagia. Ukishaanza kutafuta ruhusa, umeshachelewa."

Jumatano, 4 Desemba

Nimesimamishwa kazi mpaka uamuzi utoke. Nilirudisha ufunguo ofisini.

Fatima alinifuata mpaka nje ya geti. Akasema, "Dada Ines, jana nimekwenda kwa yule mama mkaguzi, pale alipofikia. Nimemwambia nilichosikia siku ile ya waya. Yote, na aliyoyasema Godfrey."

Nikamuuliza kwa nini, yeye ni kibarua, hana mkataba.

"Mzee amenisukuma mimi, hakujisukuma yeye." Akajifunga kanga vizuri. "Nimeambiwa kesho nisije."

Tulitembea pamoja mpaka barabarani, mvua ikitunyeshea, tukaagana.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo ndiyo nimepata moyo wa kwenda hospitali. Mzee Lukasi alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa mpaka kwenye bega. Mkewe alitupisha.

Nikamweleza. Waya, ndoo za barafu, lami ya kwenye kona, ile "ndiyo" yangu, simu niliyoisubiri. Sikuomba msamaha mpaka nilipomaliza, maana niliona nikianza na msamaha nitayapunguza mengine.

Aliuweka vizuri mkono wake juu ya mto. Kisha, "Yalikuwa ngapi?"

"Mia mbili kumi na nne."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la mtihani wa zamani. "Siku nilipokuja mezani kwako, ulinitazama kama unatazama mbuzi aliyeingia ofisini."

"Ndiyo, mzee."

"Nimekusikia. Kusamehe ni neno kubwa, mkono huu bado unauma. Nipe hayo maji."

Nikamshikia kikombe, akanywa.

Jumatatu, 13 Januari

Nimerudishwa kwa onyo la maandishi, chini ya uangalizi wa miezi sita. Godfrey amehamishiwa ghala la mbali, hatukuonana. Nafasi ya Fatima ina mtu mwingine. Niliuliza ofisini mara mbili, mara ya pili nikaambiwa nisiulize tena. Amerudi kulima kwao.

Bafu limekwanguliwa mpaka chuma kinang'aa. Mfuko wa sensa umehamishiwa mahali mafuta yanapozunguka, na kila Jumamosi mafuta yakipoa tunaufungua na kuukwangua. Kipimajoto cha kioo kinaning'inia ukutani, kila zamu inapima na kuandika namba zote mbili. Mzee Lukasi amerudi, ila hakorogi tena. Anamfundisha kijana mpya rangi za moshi, na mimi nimeomba nikae nisikilize.

Jumatano, 15 Januari

Saa nne asubuhi swichi imekata. Paneli: 188. Kipimajoto cha kioo: 189.

Nikabonyeza kitufe chekundu. Kichomeo, mkanda, feni, vyote vikanyamaza. Vibarua sitini wakageuka kunitazama, kama zamani.

Elizabeti, msimamizi mpya, akaja haraka. "Vipimo viwili vinakubaliana. Si ni swichi hiyo mbovu?"

"Huenda."

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunangoja yapoe, nifungue nione. Siibonyezi mpaka nijue."

"Muda gani?"

"Masaa manne."

Alimtazama mzee Lukasi, ambaye alikuwa ameshafunga koki ya dizeli kwa mkono wa kushoto na kuketi juu ya gunia, ule wa kulia umelala mapajani. Akarudi ofisini.

Tulikaa. Mvua ilinyesha ikakatika. Kuna waliolala, kuna walionung'unika nikiwasikia, na hawakukosea, siku yao ilikuwa inapotea. Saa nane mafuta yalikuwa yamepoa vya kutosha. Nikafungua.

Skrubu moja ya kubania waya ilikuwa imelegea. Basi. Mafuta hayakuwa na tatizo, swichi haikuwa na tatizo. Masaa manne ya watu sitini kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Nikaikaza, nikaipima, nikamwonyesha Elizabeti, akaandika.

Mzee Lukasi aliinuka kutoka kwenye gunia, akachungulia ndani ya paneli.

"Kwa hiyo leo ilikuwa bure," akasema.

"Leo ilikuwa bure."

"Na kesho ikikata?"

"Tutazima."

Akaenda kufungua koki ya dizeli.